Kayaki ya Viti Viwili

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani nimeomba kitu kimoja tu: mtahini asiwe mtu wa kuugua bahari. Yule wa mwaka jana alitapika tangu kambini mpaka mwamba wa kwanza, akamfelisha Maciu kwa hasira. Ingawa Maciu naye alijitakia. Aliulizwa hatari za bahari hii ni zipi, akajibu hakuna. Hakuna! Na nyuma yake ameketi mtalii kafungwa bandeji mguu mzima.

Sasa zamu yangu. Sheria mpya imeshaanza kazi, hakuna msafara wa kayaki bila kiongozi mwenye cheti. Nikifaulu, shangazi Torika anaendelea na kambi yake na mimi nakaa mbele ya msafara. Nikifeli, kayaki zote zinabaki zimepinduliwa mchangani mpaka mtahini arudi mwakani, na mimi narudi jikoni kumenya magimbi. Nimemenya magimbi ya kunitosha maisha. Mikono inawasha nikiliandika tu neno lenyewe.

Shangazi kaniasa nisiwe na mdomo. Nikamuuliza, mdomo gani mimi? Maciu — binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwenye ruhusa ya kunitania mpaka aingie kaburini — amesema mchango wake ni kukaa kimya wiki nzima. Maciu! Mtu ambaye hata sala ya chakula hajawahi kuiacha ipite bila kuongezea lake.

Jumatatu, 12 Agosti

Kaja! Wala si mzee. Anaitwa Emosi, katoka ofisini mji mkuu, Suva, kashuka kwenye boti viatu mkononi, soksi kazikunja vizuri ndani ya viatu. Hakutapika. Ana meno mazuri. Naandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nyingine.

Watalii nao wamefika, Trevor na mkewe Glenys, walimu wastaafu kutoka New Zealand. Trevor ana bega bovu na maneno machache. Glenys ana kila kitu: miwani yake ya kupigia mbizi, mapezi yake, kofia yenye pazia nyuma, na maswali.

Bila shaka nilimuuliza mtahini kwao ni wapi. Huku mtu hapewi hata kiti kabla hajalisema hilo. Akasema baba yake ni mtu wa Nakorosau. Nilipiga ukelele! Nakorosau ni watani wetu! Mababu zao na mababu zetu walikuwa na mzimu mmoja, kwa hiyo sisi tumeruhusiwa kutukanana na kunyang'anyana vitu mpaka mwisho wa dunia, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Mtahini ni mtani wangu! Nani kapata bahati kama hii?

Nikaanza kazi hapo hapo. Nikamwambia watu wa kwao wanapiga kafi kama wanakoroga uji. Akasema watu wa kwetu ndio waliowafanya kasa wahamie bahari nyingine. Nikamwita gunia la magimbi. Nikamkaza mkanda wa miwani, mkono wangu juu ya kichwa chake, bila hata kuomba radhi — kwa mtani radhi ya nini? — nikamwambia kichwa hiki kilipaswa kuja na mkanda wa farasi. Alicheka mpaka maji yakamwingia puani. Glenys akauliza kama tumegombana. Maciu akamweleza kwamba hapana mama, hivi ndivyo tunavyokaribishana.

Somo la usalama limekwenda vizuri mno. Sauti yangu ilifika mpaka jikoni, mpishi akavaa jaketi la kuelea. Emosi atakaa nami kayaki moja ya viti viwili, yeye mbele, mimi nyuma, ndivyo mtihani unavyotaka, apime ninavyoelekeza. Ijumaa atajipindua kwenye mlango wa mwamba, pale bahari kuu inapoingilia, na mimi nimwokoe. Nimemwambia nitamwacha huko huko wamle samaki. Akasema samaki wa kwetu wana njaa ya kutosha.

Meno mazuri sana.

Jumanne, 13 Agosti

Niliyoandika jana kuhusu meno nimeyakwangua kwa wembe. Karatasi imetoboka na bado yanasomeka.

Sijui nianzie wapi. Tulipiga kafi asubuhi yote mpaka Naibuka, kijiji cha mama yangu. Mwamba wa Naibuka una wenyewe. Huweki hata kidole cha mguu kabla hujapeleka mzizi wa yaqona, kinywaji cha wazee, na kuomba ruhusa. Tukafunga sulu zetu viunoni kama kanga, tukaketi mkekani, Maciu akauweka mzizi mbele ya wazee akasema maneno yake bila kuongeza utani hata mmoja. Wakapokea. Yaqona ikasagwa, ikakorogwa, kifuu kikaanza kuzunguka. Mzee mmoja, kwa adabu tu, akamuuliza Emosi: na kwa upande wa mama je?

Upande wa mama! Mimi sikuuliza upande wa mama. Niliposikia neno Nakorosau nililewa.

Emosi akasema mama yake kazaliwa Suva, ila bibi yake mzaa mama alitoka huku huku visiwani. Aliolewa mbali akiwa msichana, hakurudi tena. Jina lake Makereta.

Kifuu kilisimama hewani. Bibi yangu Sera, mama wa mama, alikuwa pembeni akipepea nzi. Akaja kwa magoti, akavuka mkeka mzima, akamshika Emosi kichwa kwa mikono miwili, akamnusa shavu hili na shavu lile, akalia. Makereta ni dada yake, tumbo moja. Alisema alimsubiri Makereta mpaka akasahau kwamba anasubiri. Emosi akalia. Trevor akalia, sijui nani alimtafsiria. Mimi ndiye niliyelia kuliko wote — mpaka Bibi alipoinua uso, akanioneshea kidole, akasema, "Basi na huyu ndiye dada yako. Mama zenu ni ndugu."

Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kaka na dada, hakuna ubishi. Na huku kwetu kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawasemezani. Hawataniani, hawatazamani usoni, hawagusani, hawali sahani moja. Hiyo ndiyo heshima yao, na nyumba inayoivunja inasemwa kijiji kizima.

Nikaanza kuyakumbuka moja moja. Gunia la magimbi. Mkanda wa farasi. Na kichwa! Nilikishika kichwa cha kaka yangu kama ninachagua tikiti maji sokoni!

Emosi aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Mimi niligeukia ukuta. Glenys akamuuliza Maciu, kwa mnong'ono uliosikika nyumba nzima, kama sasa ndio tumegombana. Maciu akasema hapana mama, sasa ndio tunapendana.

Jumatano, 14 Agosti

Nilidhani mtu wa Suva atayaona haya mambo ya kizamani, tutaelewana kimya kimya, mtihani utaendelea. Wapi! Emosi kayashika kwa mikono miwili. Amekua mjini, Nakorosau kwa jina tu, hana kijiji wala bibi, watoto wenzake wakienda likizo kwao yeye anabaki na televisheni. Sasa kapewa vyote mchana mmoja na hataki kukosea hata kidogo. Hapa kwa Bibi tunakolala, nikiingia mlangoni, anatokea dirishani. Dirishani kweli! Na viatu vyake vya ofisini! Bibi kamtandikia mkeka wake mwenyewe na kumkalisha juu. Nafurahi kwa ajili yake. Hasira nayo ninayo, maana cheti changu kimo mfukoni mwake.

Asubuhi Maciu kaja na sheria aliyoitunga usingizini. Nchi kavu tuhesabu kwa mama, tuwe ndugu. Baharini tuhesabu kwa baba, tuwe watani. Nikaona ni akili ya kwanza ya maana kutoka kwake tangu azaliwe. Tukampelekea Bibi. Bibi akasema sawa, na chakula chake naye Maciu akakihesabu baharini, akale huko huko. Sheria ikafa kabla ya chai.

Basi Glenys kateuliwa kuwa mdomo wetu. Kayaki yao inakwenda ubavuni mwa yetu. Nasema, "Glenys, mwambie bwana aliye mbele yangu apige kafi kulia." Yuko hatua moja kutoka magotini mwangu! Anasikia kila neno! Lakini anangoja, kafi hewani, mpaka Glenys aseme, ndipo apige. Na Glenys hasemi alichotumwa. Ualimu haujamtoka. Nikasema mwambie asiegemee, akamwambia, "Dada yako ana wasiwasi kidogo na mkao wako." Nikasema mwambie apunguze nguvu, akamwambia anajitahidi sana, ila ajiamini zaidi. Akajiamini. Tukazunguka mahali pamoja mpaka Trevor akaacha kupiga kafi ili atutazame vizuri.

Halafu Glenys akaona kasa.

Glenys akiona kasa, hana habari na binadamu. Wakamfuata, wakatuacha. Mbele yetu mwamba, maji yanapungua, mimi nauona. Emosi hauoni, naye anatazama kasa. Nikakohoa. Akakohoa. Nikapiga maji kwa nguvu upande wa kulia aelewe ageuze. Akajikunyata kwa heshima, akapiga kushoto. Kwaruu! Tukapanda juu ya matumbawe tukakaa.

Tulikaa mpaka maji yalipojaa tena. Yeye kanipa mgongo, mimi nimeupa mgongo wake kisogo. Katikati ya ukimya ule nikasikia kalamu. Anaandika! Sijawahi kuogopa kalamu namna ile.

Jioni Maciu kaniletea salamu kutoka kwa kaka yangu, zilizopitia kwa mjomba, baba yake Maciu. Kwanza, anaomba radhi kwa matumbawe. Pili, kuna jambo hawezi kuliruka: kiongozi lazima amwelekeze aliyepinduka kwa sauti yake mwenyewe, amwite kwa jina, amwambie amtazame. Bila hilo hakuna cheti. Tatu, amewapigia simu ofisini walete mtahini mwingine, wamemjibu hakuna mwingine mpaka mwakani.

Kumbe alijaribu. Hasira yote ikanitoka, ikabaki hofu.

Shangazi Torika kapiga simu akilia. Sema naye tu, Vasiti, Mungu ataelewa. Nikamwambia Mungu simwogopi. Namwogopa Bibi.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku nzuri kuliko zote!

Leo ilikuwa mbizi ya juu juu, miwani usoni, bomba la kupumulia mdomoni. Na mtu mwenye bomba mdomoni hasemi na yeyote. Dunia nzima imekuwa kaka na dada! Hata Glenys! Kila kitu kwa vidole: sawa, simama, tazama kule, rudi. Je, vidole ni maneno? Hakuna aliyemuuliza Bibi, na hakuna atakayemuuliza.

Niliongoza vizuri, najua mwenyewe. Niliwapitisha ukingoni mwa mwamba ambako maji yanageuka buluu ghafla na moyo unadondoka. Chaza mkubwa alikuwa amefumbua mdomo, nikamfanyia kivuli akafumba, Trevor akapiga makofi ndani ya maji. Emosi alielea tu. Mtu anayetahini viongozi wa bahari nchi nzima — nadhani hajawahi kuitazama. Alikuwa akikagua kamba na mabomba. Leo kakaa juu ya samaki wadogo wa njano mpaka mgongo ukaiva kwa jua.

Halafu papa mdogo akakatiza, wale wa mwambani wenye ncha nyeusi, wasio na neno na mtu. Kaka yangu mtahini akanishika mkono! Akaukamata barabara! Kisha akakumbuka, akauachia kama ameshika pasi ya moto, akaogelea kwenda upande wa Trevor na kumshika Trevor. Mimi nikajifanya nachunguza jongoo bahari. Nilicheka mpaka miwani ikajaa maji.

Sijamwambia mtu jambo hili. Mama alizaa wasichana watupu. Nikiwa mdogo nilikuwa nawaona wenzangu wanavyoacha njia na kuingia majanini kaka zao wakipita, na nilikuwa nawaonea wivu. Mimi njia yote ilikuwa yangu, sina wa kumpisha. Sasa ninaye. Leo jioni nimeingia majanini mara mbili, moja ilikuwa ya lazima, nyingine nimeingia kwa furaha tu.

Ijumaa, 16 Agosti, asubuhi

Upepo. Sijalala vizuri. Leo ni mlango wa mwamba.

Nimemwendea Bibi akinywa chai nikamuuliza wazi. Kaka akiwa anazama, dada afanyeje? Akanitazama kana kwamba sina akili. Apige kelele, akasema, amshike nywele, amvute, heshima ya maiti ni ya nini? Nikaruka kwa furaha. Nikamuuliza tena: na kama anazama kwa mtihani tu? Hapo akaweka kikombe chini. Kuzama kwa uongo ni mchezo, akasema. Na dada hachezi na kaka. Amempata mjukuu wa Makereta juzi juzi tu, hataki kusikia kwamba kijiji kinamcheka.

Basi ndiyo hivyo. Akizama kweli, naruhusiwa kusema. Akijipindua mwenyewe, siruhusiwi. Na mtihani unataka ajipindue mwenyewe.

Maciu kashauri tumpindue Trevor badala yake. Trevor kakubali haraka mno. Emosi kajibu, kupitia mjomba, kwamba sheria inamtaja mtahini na si bega bovu la mtu. Glenys kanikumbatia akasema nitafaulu. Nikamwambia amwambie — basi, nikasahau nilichotaka aambiwe.

Ijumaa hiyo hiyo, kwenye fungu la mchanga

Naandika ili nisimtazame.

Tuko wawili tu. Maciu, aliyekuja nyuma yetu na boti ya mashine, kawavusha Glenys na Trevor kwanza kwa sababu ya upepo, atarudi kutuchukua. Kafi ya Emosi imekwenda na maji, kayaki yetu ina ufa. Emosi kaketi upande ule wa kayaki, mimi upande huu. Kayaki ipo katikati, imelala ubavu.

Ilikuwa hivi. Tulifika mlangoni, maji yanachemka. Glenys yuko mbali na kofia yake. Nilikuwa nimeshakata shauri: akijipindua, nitamvuta kimya kimya na cheti kiende zake, nikamenye magimbi. Nilikuwa nalia tayari, kwa nyuma hanioni. Halafu likaja wimbi la pembeni, na yeye akainama upande ule ule — nikajikuta chini. Nikaibuka. Jaketi lake liliibuka, yeye hakuibuka nalo sawasawa, kamba imemkaba, kichwa kinaingia na kutoka. Niliyaona macho yake.

Nikapiga ukelele. "Emosi! Nitazame mimi! Mimi hapa! Usitazame wimbi, nitazame mimi! Piga miguu, lala chali, nipe mkono!" Nikamwita kwa jina mbele ya bahari nzima. Nikamshika jaketi, nikakata kamba, nikampandisha juu ya kayaki tumbo kwanza, nikapanda upande wa pili, nikaendelea kumpigia kelele njia yote mpaka huku mchangani. Hakuna hatua niliyoiruka. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kuliko somo lenyewe.

Alitapika maji. Kisha akasogea upande ule, akanipa mgongo.

Mfuko wake wa karatasi za mtihani haukuingia maji. Nasikia anaufungua.

Amesema! Hakusema nami. Amekohoa akasema, "Kayaki, mwambie dada yangu asante."

Nimesema, "Kayaki, mwambie kaka hakuna neno."

Kayaki ni mdomo mzuri kuliko Glenys, haiongezi kitu.

Karatasi imegeuzwa. Halafu: "Kayaki, mwambie dada nimefika pale pa kuokoa kwenye fomu. Sijui niandike nini."

Nami nimeuliza. Nilikuwa sina budi kuuliza, na nimeuliza nikitazama ufa wa kayaki: "Kayaki, mwambie kaka aseme kweli. Kule mlangoni alijipindua makusudi, au bahari ndiyo iliyompindua?"

Nasikia anakwangua mchanga kwa kisigino.

Najua analolifikiri, maana ndilo ninalofikiri mimi. Akisema bahari, basi nilimwokoa mtu kweli, Bibi atanishukuru, na mtihani haujafanyika. Akisema makusudi, ninacho cheti, shangazi anazo kayaki zake, na sisi wawili tumechezeana mbele ya mlango wa Naibuka siku chache tu baada ya Bibi kumpata. Mimi niliyaona macho yake. Naamini ilikuwa bahari. Lakini aliinama upande ule ule wa wimbi, na mtu anayekagua kayaki kila siku anajua haifai kuinama hivyo.

"Kayaki," amesema taratibu, "mwambie dada kwamba mimi mwenyewe sina hakika. Nilitaka. Nilikuwa najiandaa. Bahari ikaniwahi."

Jamani! Mungu wangu! Sasa hiyo inaandikwaje?

Nasikia mashine ya boti. Inazunguka rasi. Maciu kasimama nyuma kwenye usukani, na mbele kuna mtu kaketi na mwavuli. Bibi. Kaja mwenyewe, katika upepo huu. Bila shaka Glenys ndiye kamwambia, na Glenys sijui kasemaje.

Emosi kaacha kuandika. Boti imezima mashine, inateleza kuja mchangani, na Bibi anauliza kutoka kule kule, kabla hata ya salamu: ilikuwa mchezo au kweli? Kauliza kwa wote wawili. Kayaki haiwezi kutusaidia.

Emosi kageuka akanitazama usoni, aone nitasema nini. Nami nimemtazama, nione atasema nini. Bibi kafunga mwavuli, anatutazama tunavyotazamana, kaka na dada, macho kwa macho.